Nodi ya Bitcoin kufikika kutoka nje: Bitnodes, nc au netinfo?

kibatari_tz: Wakuu habari za jioni. Nina nodi ya Bitcoin (kompyuta inayotunza na kuhakiki miamala ya Bitcoin, natumia programu ya Bitcoin Core) hapa home Mbagala, bloku zote (mafungu ya miamala) zimeshashuka, ila wiki ya pili hii koneksheni ni 10 tu haipandi. Nijuaje kama watu wa nje wanaifikia? Naona wengine wanatumia tovuti ya Bitnodes, wengine nc (amri ya kupima kama poti iko wazi), ipi ya uhakika?

fundi_poti: Mkuu hiyo 10 ni jibu tosha. Nodi yako ndo inatoka kutafuta wenzake, 8 za kawaida na 2 za bloku tu, maana yake hamna aliyekuja kukugongea hodi. Piga bitcoin-cli -netinfo uangalie mstari wa in. Mi naiamini hii kuliko zote kwasababu inahesabu wageni walioingia kweli, shida yake haisemi mlango umefungwa wapi.

dada_wa_ruta: Bitnodes ni fasta, unaweka IP na poti 8333 (mlango wa nodi za Bitcoin) inakujibu ndio au hapana, basi. Mi nashikilia nc. Zima wifi kwenye simu, washa data, ingia Termux (app ya kuandika amri kwenye simu), piga nc -zv IP yako 8333. Usipimie kwenye wifi ileile ya nyumbani jamani, ruta nyingi hazikurudishi ndani kwa IP ya nje, utaona imefungwa kumbe iko wazi, mimi ilinimalizia Jumamosi nzima. Ikijibu "refused" basi umefika ila hamna programu inayosikiliza, ikining'inia tu kuna kitu kinameza njiani.

kibatari_tz: Inaning'inia. Na poti nimeshaifungua kwenye ruta. Ukurasa wa ruta unaonyesha IP ya nje 100.72 na kuendelea.

fundi_poti: Aah hapo ndo penyewe. 100.64 mpaka 100.127 ni IP za ndani za mtoa huduma, mko wateja kibao nyuma ya IP moja, hata ufungue poti zote haifiki kwako. Omba IP ya umma au weka Tor (mtandao wa kuficha IP) na ControlPort 9051 (mlango wa Core kuiamuru Tor), Core inajitengenezea anwani ya onion (anwani ya ndani ya Tor) yenyewe, ruta huigusi. Ila nc ya kawaida haitaipima hiyo, rudi kwenye netinfo.

dada_wa_ruta: Naunga mkono. Na usikate tamaa, hata isipofikika inakuhakikia miamala yako yote vilevile, kufungua mlango ni kuwasaidia wanaoanza wapate pa kushushia bloku.

kibatari_tz: Nimeweka Tor jana usiku. Asubuhi hii mstari wa in, chini ya onion, 3!! Asanteni sana.