Shahada ya sayansi asilia inayochanganya masomo: je, aliyeiacha hisabati ataimudu?

Mwanafunzi_Jinja:

Hamjambo ndugu zangu. Nilimaliza kidato cha sita hapa Uganda kwa kombinesheni ya Biolojia, Kemia na Jiografia, na somo langu dogo lilikuwa Kompyuta badala ya Hisabati. Nimepata nafasi ya kusomea shahada ya miaka mitatu ambayo haijafungwa kwenye somo moja: mwaka wa kwanza kuna kemia, biolojia, fizikia ya msingi, sayansi ya dunia na takwimu, kisha kila mtu huelekea anakotaka. Mimi navutwa na masuala ya maji na udongo. Baba mdogo, ambaye ndiye anayenilipia karo, anasema mshika mawili moja humponyoka, na kwamba afadhali niombe uuguzi, ambao kila mtu anaujua ni kazi gani.

Naomba kuuliza mambo mawili. Mtu husomaje masomo matano kwa pamoja bila kubaki na makapi ya kila moja? Na aliyeiacha hisabati kidato cha nne anaweza kuimudu shahada hii?

Mwalimu_Mbale:

Karibu, mwanangu. Nimefundisha fizikia kidato cha tano na cha sita kwa muda mrefu, kwa hiyo nitaanza na swali lako la pili, kwa kuwa ndilo litakaloamua la kwanza. Hisabati utakayoihitaji mwaka wa kwanza ni finyu kuliko unavyoiogopa. Utahitaji logi (logariti), kwa sababu pH, yaani kipimo cha uasidi, ni logi, na maji yenye pH ya 5 yana ioni za haidrojeni mara 100 ya maji yenye pH ya 7. Utahitaji vipeo, kwa sababu kuongezeka kwa bakteria na kupungua kwa isotopu zenye mnururisho (atomi zinazovunjika zenyewe) hufuata umbo moja la mlingano. Utahitaji kuusoma mteremko wa grafu, pamoja na takwimu za kutosha kutofautisha badiliko la kweli na bahati. Chukua kitabu cha hisabati ndogo cha kidato cha tano, ukimalize kabla ya semesta kuanza, na ufanye mazoezi kwa kalamu, si kwa macho.

Ukishakuwa na hayo, utaona jambo ambalo kombinesheni zetu hulificha. Fikiria oksijeni inavyosambaa yenyewe ndani ya maji yaliyotulia. Muda unaohitajika hukua kwa mraba wa umbali: kuvuka mikromita 10, ambao ni upana wa seli, huchukua takribani sehemu moja ya 40 ya sekunde, kuvuka sentimita 1 huchukua karibu saa 7, kuvuka mita 1 huchukua karibu miaka 8. Fizikia hukufundisha mlingano huo, kemia hukueleza mwendo wa molekuli, na biolojia hukwambia kwamba wanyama wakubwa wana moyo na damu, lakini ni nadra mwanafunzi kuambiwa kwamba moyo na damu vinahitajika kwa sababu ya mlingano uleule. Shahada yako, ikifundishwa vizuri, kazi yake ni hiyo.

Wala mpango wenyewe si mgeni. Chuo Kikuu cha Cambridge, ambako mitihani ya sayansi asilia ilianza mwaka 1851, bado humtaka mwanafunzi wa mwaka wa kwanza achukue masomo matatu ya sayansi pamoja na hisabati, na ubobezi huja baadaye. Angalia kwamba hata huko hisabati haikuachwa iwe hiari.

Mpima_Maji_Entebbe:

Namuunga mkono Mwalimu, na hiyo miaka 8 aliyoitaja inatuhusu sisi wa ziwani moja kwa moja. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 sangara, hao tunaowaita mputa, walionekana wakielea wakiwa wamekufa katika Ziwa Victoria, na kabla wataalamu hawajasema neno, watu walikuwa wamekwisha kuamua kwamba ziwa limetiwa sumu. Maelezo yaliyotolewa na wizara yalikuwa upungufu wa oksijeni.

Sasa jaribu kuyaeleza hayo kwa somo moja, utaona linavyokwama. Jua hupasha maji ya juu, nayo yakawa mepesi na kukaa juu ya maji baridi yaliyo mazito. Hiyo ni fizikia. Kwa kuwa tabaka hizo hazichanganyiki, oksijeni haifiki chini, maana kusambaa kwenyewe ni kwa polepole kama alivyoonyesha Mwalimu. Fosforasi inayooshwa na mvua kutoka mashambani na mijini hulisha mwani, mwani hufa na kuzama, na bakteria wanaouozesha humaliza oksijeni iliyobaki kule chini. Hapo umo katika kemia na biolojia kwa pamoja, na asiyejua udongo wa mashamba yanayolizunguka ziwa hataelewa fosforasi hiyo imetoka wapi. Halafu hali ya hewa inaingia: dhoruba huyavuruga maji na kuyapandisha yale yasiyo na oksijeni. Sangara huhitaji oksijeni nyingi kuliko ngege, ndiyo maana yeye hutangulia kufa, ilhali kamongo, anayevuta hewa kutoka juu, hana habari.

Hata hivyo, kuijua hadithi nzima hakutoshi mtu kuajiriwa. Kwenye timu ya kupima maji tutakuuliza unaweza kufanya nini kwa mikono yako. Ukiweza kupima oksijeni iliyoyeyuka kwa mbinu ya Winkler, ya kupima kwa kemikali, ambayo ni ya tangu 1888 na bado hutumika kuhakiki vifaa vya umeme, na ukaweza kusema kosa la kipimo chako ni kiasi gani, utapata mahali pa kusimama. Chagua mhimili mmoja kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza (kwa jinsi ulivyojieleza, kemia ya maji ingekufaa) na masomo mengine yaegemee hapo.

Mhitimu_Gulu:

Mimi nitamtetea baba mdogo kidogo. Muuguzi akihitimu husajiliwa na baraza la wauguzi na wakunga, na mtaalamu wa maabara ya hospitali husajiliwa na baraza la taaluma shirikishi za afya. Shahada pana ya sayansi haikupi usajili wowote wa namna hiyo, na wapo wahitimu waliodhani kwamba kusoma biolojia na kemia kungewafungulia mlango wa maabara ya hospitali. Haukufunguka. Ukitaka kufundisha sekondari, nako utahitaji mafunzo ya ualimu na masomo mawili yanayofundishwa shuleni.

Kabla ya kulipa chochote, hakikisha kozi yenyewe imeidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu na kwamba idhini yake haijaisha muda, kisha uliza kama hati ya matokeo itaonyesha somo lako kuu kwa jina. Vilevile mwonyeshe mzee taarifa za bodi ya mikopo ya wanafunzi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, kwa kuwa mikopo yake imeelekezwa zaidi kwenye kozi za sayansi. Huenda kinachomsumbua ni karo kuliko methali.

Mwanafunzi_Jinja:

Ahsanteni sana, nami nitaulizia idhini hiyo wiki hii. Limebaki swali la namna ya kusoma.

Mwaka_wa_Tatu_Mbarara:

Ndugu yangu, masomo haya yana tabia ya kupingana kwa maneno huku yakikubaliana kwa maana, na hapo ndipo wengi wetu hupotea. Vitabu vingi vya fizikia huhesabu kazi inayofanywa na mfumo, vya kemia huhesabu kazi inayofanywa juu ya mfumo, kwa hiyo alama ya kutoa katika mlingano mmoja huwa ya kujumlisha katika mwingine. Mwalimu wa biolojia atasema kwamba ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, huhifadhi nishati katika kifungo chake; saa mbili baadaye mwalimu wa kemia atasema kwamba kuvunja kifungo chochote hugharimu nishati. Yote mawili hupatana ukielewa kwamba ATP inapomenyuka na maji, mazao yake huwa thabiti zaidi, na tofauti hiyo ndiyo hutoa takribani kilojuli 30 kwa kila moli katika hali sanifu.

Kwa hiyo, pamoja na madaftari ya kila somo, weka moja lililopangwa kwa maswali: nishati, usawa wa mmenyuko, mtiririko, kosa la kipimo. Kila mhadhara ukigusa mojawapo, andika umesema nini na ulipokinzana na mwingine, kisha umpelekee mhadhiri ukinzani huo. Wengi hufurahi kuulizwa. Usiandike ripoti za maabara usiku wa kuamkia siku ya kuzikusanya, kwa maana zitakuja tatu kwa wiki moja. Na ratiba ya maabara mbili ikigongana, nenda kwa mratibu wiki ya kwanza kabla makundi hayajajaa.