Mrejesho: "kumezea mate" na "udenda"

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini anayetamani kitu tunasema "anakimezea mate", na kama hilo ni sawa na kutokwa na udenda. Ahsanteni kwa majibu, hata yule aliyeniambia nikale kwanza.

Jibu kubwa limo kwenye kitenzi. Meza ikinyambuliwa inakuwa mezea: unameza mate kwa ajili ya kitu ambacho bado hujakipata. Ndiyo maana kurasa za michezo huandika kwamba klabu "inammezea mate" mshambuliaji mwenye mkataba kwingine. Akishasajiliwa, msemo hauna kazi tena.

Udenda ni habari nyingine. Ni yale mate yanayochuruzika, ya mtoto anayeota meno au ya abiria aliyelala kwenye daladala. Ukisema fulani anatokwa na udenda kwa pilau, umemtania: ameshindwa kujizuia. Anayemezea mate bado ana staha yake.

Kuhusu asili, mate ni neno la Kibantu kabisa. Wakikuyu wana mata, Washona mate, Wazulu amathe.

Na mwilini ni kweli tupu. Kata embe bichi, nyunyizia chumvi na pilipili: mdomo unajaa kabla hujaonja, maana kuona na kunusa tu kunatosha kuamsha tezi za mate. Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1904, alilichunguza jambo hilo kwa mbwa.

Bado namsubiri mtu wa Lamu atuambie kwao wanasemaje.