Udaktari wa biashara mtandaoni kwa gharama nafuu: kulipia kipindi, kulipia kozi, au tasnifu pekee?

Kibatari aliandika:
Wadau wenzangu, nina shahada ya uzamili katika utawala wa biashara na kazi ya kutwa, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikilinganisha njia za kusomea udaktari wa biashara mtandaoni bila kuacha kazi wala kukopa. Nimebakiza tatu. Ya kwanza ni kulipa ada moja ya kipindi, kama ulivyo mfumo wa FlexPath wa chuo kikuu cha Capella nchini Marekani, ambapo unalipia wiki 12 na ndani yake unamaliza kozi kadiri unavyoweza. Ya pili ni kulipia kozi mojamoja kwa ratiba ya chuo. Ya tatu ni udaktari wa utafiti mtupu kwa njia ya masafa, kama wa Unisa ya Afrika Kusini, ambapo kazi kubwa ni andiko la utafiti, msimamizi na tasnifu. Kwa hesabu yangu, ya kwanza inaziacha nyingine mbali, kwa kuwa mimi ni msomaji wa haraka. Naomba mnikosoe kabla sijatoa hata senti moja.

Mhasibu Mstaafu alijibu:
Ndugu Kibatari, umejumlisha vizuri, ila umeishia nusu ya safari. Kasi yako ni yako wakati wa kozi tu. Ukishaingia kwenye tasnifu, unatembea kwa kasi ya msimamizi, ya kamati ya maadili ya utafiti, na ya wale watu utakaowaomba wajaze hojaji, ambao hawana haraka yoyote na udaktari wako.

Nilisoma kwa mfumo huohuo wa ada ya kipindi, katika chuo nisichopenda kukitaja. Kozi nilizimaliza mbio, nikajiona shujaa. Kisha nikatuma sura ya pili Jumapili usiku, na kwa mujibu wa kanuni msimamizi alikuwa na siku 14 za kazi za kuisoma. Alizitumia zote. Siku ya 14 faili lilirudi likiwa na maoni mawili, moja likihusu alama ya mkato. Katikati ya kusubiri huko kipindi kiliisha, nikalipa ada nzima ya kipindi kipya ili niweze kupokea maoni hayo. Kwa hiyo usilinganishe ada ya kozi kwa kozi. Linganisha unacholipa kwa mwezi ambao huna la kufanya ila kusubiri.

Nahodha alijibu:
Naunga mkono, na jambo hili limewahi kufika mahakamani. Wanafunzi wa programu ya udaktari wa biashara wa chuo kikuu cha Walden, cha Marekani pia, walikishtaki chuo hicho wakidai kwamba hatua ya mradi wa mwisho iliwagharimu krediti (vipimo vya masomo vinavyolipiwa) nyingi kuliko walivyoelezwa walipojiunga. Mwaka 2024 shauri lilimalizwa kwa mapatano ya dola milioni 28.5, bila chuo kukiri kosa. Sisemi kwamba vyuo vyote viko hivyo. Nasema kwamba idadi ya krediti iliyoandikwa kwenye ukurasa wa matangazo mara nyingi ni kiwango cha chini, na mwanafunzi huisoma kana kwamba ni jumla.

Bi. Takwimu alijibu:
Mimi sikubaliani kabisa na kaka zangu hawa. Kuna mtu ambaye ada ya kipindi inamfaa kweli, naye ni yule anayeingia akiwa na mada tayari, akiwa na kibali cha maandishi cha kutumia takwimu za kampuni yake, na akiwa hana haja ya kuhoji watu. Utafiti unaotumia kumbukumbu zilizokwisha kukusanywa kwa kawaida hupita kwenye kamati ya maadili kwa wepesi zaidi kuliko unaohitaji mahojiano. Kibatari, je, mada unayo? Kama huna, ongeza muda kwenye hesabu yako, nao usiwe mdogo.

Jongoo alijibu:
Kabla ya bei, ndugu, tuambie shahada utaipeleka wapi. DBA, yaani huo udaktari wa biashara, hulenga tatizo la kazini na jinsi ya kulitatua. PhD, udaktari wa kitaaluma, hulenga kuongeza nadharia. Anayetaka cheo kazini anaweza kutosheka na chuo chenye ithibati ya kawaida ya nchi yake. Anayetaka kufundisha ataulizwa habari za AACSB, chombo cha ithibati ya shule za biashara kilichoanzishwa mwaka 1916, na programu za mtandaoni za mwendo huru zenye ithibati hiyo ni adimu mno. Idara ya biashara ya Capella, kwa mfano, ina ithibati ya ACBSP, ambayo ni chombo kingine. Si aibu, lakini ulijue mapema.

Na ukiona tangazo la udaktari wa miezi michache unaopatikana kwa "uzoefu wa maisha", kimbia. Kashfa ya kampuni ya Axact ya Pakistani, iliyofichuliwa mwaka 2015, ilionyesha vyuo vingi vilivyokuwa na tovuti nzuri na wahadhiri wa picha tu.

Mhasibu Mstaafu alijibu:
Kuhusu ile njia ya tatu, watu huiogopa bure. Huna kozi za kulipia, na ada hufuata mwaka wa usajili. Tatizo lake ni upweke: hakuna anayekukumbusha, na kabla ya kusajiliwa inabidi apatikane msimamizi anayeijua mada yako. Asiyewahi kuandika utafiti mrefu atateseka. Aliyezoea atalipa kidogo kuliko sisi sote.

Kibatari aliandika:
Nawashukuru. Dada Takwimu, mada ninayo nusu: mikopo ya wateja inayochelewa kulipwa, kutoka kwenye kumbukumbu za mwajiri wangu, ingawa kibali bado sijaomba. Nimeongeza safu mbili kwenye jedwali langu, ya miezi ya kusubiri na ya ada katika miezi hiyo, na njia niliyoiona ya kwanza sasa imeshuka hadi ya tatu. Jana niliviandikia vyuo vitatu nikiuliza wahitimu wao huchukua muda gani kwa kawaida tangu kujiunga hadi kutetea tasnifu. Kimoja kimejibu kwa kunitumia kijitabu cha matangazo.

Mhasibu Mstaafu alijibu:
Kiandikie tena, swali lilelile, na uongeze moja: nikisubiri maoni ya msimamizi, je, naweza kusimamisha usajili bila kulipa? Kibali cha mwajiri nacho kiombe wiki hii.