Mbunge wenu aliuliza, Waziri akajibu: kijijini kulifika nini? Tupeane uzoefu

Mleta mada, Mbagala

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Leo asubuhi nilikuwa kwenye daladala, natoka Rangi Tatu kwenda Kariakoo. Dereva kafungulia redio, kipindi cha maswali na majibu kutoka Bungeni Dodoma. Akili yangu haikuwa huko mpaka niliposikia jina la kata yetu. Nikamwomba konda amwambie dereva aongeze sauti. Mbunge wetu alikuwa anauliza ni lini Serikali itamalizia boma, yaani jengo lililoishia kwenye kuta, la zahanati ya kijiji chetu, huko Lindi. Jibu likaja: Serikali inatambua na kuthamini nguvu za wananchi, na itaendelea kutenga fedha za kumalizia maboma kwa kadiri zitakavyopatikana. Swali likaisha, likaitwa la mbunge mwingine.

Boma lile nimelibebea matofali kwa mikono yangu. Sisi tuliopo Dar tulichanga elfu kumi kumi kila baada ya msimu wa korosho, wenzetu wa kule wakasomba mchanga na maji kwa vichwa. Likafika kwenye lenta, likaishia hapo. Dada yangu alishikwa na uchungu usiku, akapakiwa kwenye bodaboda kuwahi kituo cha afya. Hawakufika. Bodaboda ilisimama, akajifungulia pembeni ya barabara huku mama mkwe kamzungushia kanga. Mtoto yupo, anasoma chekechea. Jirani yetu mmoja hakujaliwa hivyo, na rambirambi zake za huku Dar nilizikusanya mimi.

Kwa hiyo nauliza kwa moyo mmoja: kuna ambaye jibu la Bungeni lilifika kijijini kwao likawa bati, kitanda, dawa au mganga? Mlifanyaje? Na lisipofika, lilikwama wapi? Tusaidiane.

Niliwahi kuripoti Bunge, sasa nipo Mwananyamala

Pole sana kaka. Kitu cha kwanza ambacho wengi hatukijui ni nani hasa anayejibu. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za halmashauri zipo chini ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Waziri wa Afya ana sera, wataalamu na miongozo, na tangu 2017 hospitali za rufaa za mikoa zilirudishwa kwake kutoka mikoani. Kwa hiyo mbunge akiuliza kuhusu eksirei ya hospitali ya rufaa ya mkoa, hapo anaulizwa Waziri wa Afya mwenyewe. Akiuliza kuhusu boma la zahanati, atasimama Naibu Waziri wa TAMISEMI.

La pili, swali la msingi linapelekwa kwa maandishi mapema na jibu lake linakuja limeandikwa. Mbunge anapewa maswali mawili ya nyongeza, na utamu wote uko pale. Nimekaa kwenye ile roshani nikasikia wabunge wakiyatumia kuomba Waziri aongozane nao jimboni. Waziri anakubali, makofi yanapigwa, kimya. Lakini yupo mmoja aliuliza hivi: kiasi gani, mwaka gani wa fedha, na kituo kipi kwa jina? Naibu Waziri akalazimika kutamka tarakimu. Tarakimu ikishatamkwa inaingia kwenye Taarifa Rasmi za Bunge (Hansard), na hapo mna karatasi ya kushika. Mwambieni mbunge wenu hivyo kabla ya kikao kijacho.

Nesi mstaafu, Tabata

Wanangu, mimi nimefanya kazi kwenye zahanati za vijijini mkoani Tabora miaka mingi, nyingine nilikuwa peke yangu: nazalisha, nachanja, nagawa dawa, nafagia. Nitawaambia nilichokiona kwa macho yangu.

Zamani fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, zile zinazochangwa na wafadhili, zilikuwa zinaishia halmashauri. Sisi tulikuwa tunapelekewa vitu, siyo fedha. Unaandika barua ya kuomba bomba litengenezwe, unasubiri, huku mama mjamzito anakuja na ndoo yake ya maji kichwani ili apate kuogeshwa baada ya kujifungua. Jambo lile lilinitia simanzi kuliko hata mshahara mdogo. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 utaratibu ukabadilika: fedha zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Zahanati yetu ikafungua akaunti. Kamati ya usimamizi, ambayo ndani yake wamo wanakijiji wenyewe, ikakaa, tukapanga. Cha kwanza tulichofanya ni tangi la maji na bomba hadi chumba cha kujifungulia. Siku maji yalipotoka mle ndani nililia.

Siyo kwamba shida ziliisha. Dawa ikikosekana kwenye oda yetu, tulikuwa tunapewa ruhusa ya kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji wa dawa aliyeteuliwa wa mkoa, lakini karatasi zake zilichukua siku, na malaria haisubiri karatasi. Na kuna wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, wajawazito na watoto chini ya miaka 5, ambao sera inasema watibiwe bure. Ni sera nzuri, naiunga mkono mpaka kesho. Ila fedha ya kuwatibu haikutujia kwa hesabu ya idadi yao. Mzee anafika, unamwandikia dawa, dirishani haipo, anakutazama. Ningekuwa mbunge ningeuliza hilo kila kikao: huo msamaha wa matibabu analipa nani?

Mleta mada, boma lenu likikamilika, ulizeni mapema sana nani atakaa humo. Nimeona zahanati zilizopakwa rangi zikasubiri nesi mmoja tu.

Fundi, Gongo la Mboto

Mimi kwetu Kigoma. Mwaka 2018 nilirudi nyumbani kufanya kazi kwenye hospitali ya halmashauri. Mtakumbuka bajeti ya 2018/19, Serikali ilitangaza hospitali 67 za halmashauri, kila moja ikaanziwa na shilingi bilioni 1.5. Watu walisema Bungeni hazitoshi, lakini fedha zilikuja kweli, nilizifanyia kazi na nikalipwa.

Tulijenga kwa force akaunti, yaani hakuna mkandarasi mkubwa. Mafundi wa hapo hapo, kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi. Uzuri wake, mwananchi anajua kila mfuko wa saruji. Ubaya wake, saruji ya huko bei yake ni ya safari, siyo ya kiwandani, na makadirio yaliyotoka juu ni yale yale kwa aliyepo jirani na kiwanda na aliyepo mwisho wa reli. Halafu kuna jambo la tarehe. Kwenye kazi nyingine, siitaji ni wapi, fedha za kumalizia ziliingia mwaka wa fedha ukielekea kuisha. Tarehe 30 Juni ikafika bado tunagombania nondo, kilichobaki kikarudi Hazina. Wodi ikakaa bila milango. Kwa hiyo ukisikia Waziri anasema fedha zimetolewa, uliza zilitolewa mwezi gani.

Dada wa Sinza

Kwetu Rukwa wazazi wangu walikata kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, elfu 30 kwa kaya ya watu sita. Niliituma mimi. Mama kaumwa, kaenda na kadi, kaandikiwa dawa, kaambiwa akanunue duka la nje. Nikatuma tena hela ya dawa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa Bungeni 2023 na mimi niliifurahia kwa dhati, lakini kadi bila dawa dirishani ni karatasi. Hilo tu.

Baba wa watoto watatu, Kigamboni

Niseme na mimi jema, maana limenitokea. Mke wa mdogo wangu, Shinyanga, alianza kutokwa damu kabla ya siku zake. Mhudumu wa zahanati akapiga 115, namba ya m-mama, ule mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga. Gari la wagonjwa lilikuwa mbali, wakamtuma dereva wa kijijini ambaye ana mkataba na mfumo ule, akamfikisha kituo cha afya. Na kituo kile kilikuwa na chumba cha upasuaji, kimejengwa kwenye ule mpango wa kuviboresha vituo vya afya. Akapasuliwa pale pale. Mama na mtoto wazima.

Waziri anaposema Bungeni kwamba vifo vya wajawazito vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000, kwenye utafiti wa 2015/16, hadi 104 kwenye ule wa 2022, mimi naiona sura ya shemeji yangu. Fedha ikifika, mtu anapona.

Nesi mstaafu, Tabata

Mungu ashukuriwe baba. Chumba cha upasuaji karibu na kijiji ni uhai. Tulikuwa tunawapa rufaa wanakufa njiani.

Mleta mada, Mbagala

Nimesoma kila neno, ahsanteni sana. Mama yangu wa Tabata, shikamoo tena.

Baada ya maneno ya ndugu wa Mwananyamala nilimpigia diwani wetu mchana huu. Nimemuuliza jambo moja: zahanati yetu imo kwenye bajeti ya halmashauri ya mwaka huu kwa jina lake? Akaenda kuangalia, akanirudia. Haimo. Zimeandikwa za kata nyingine mbili, zinazopata milioni 50 kila moja za kumalizia. Kumbe mbunge ameuliza Dodoma kitu ambacho sisi hatukukipenyeza kwenye baraza la madiwani.

Jumapili saa 10 alasiri wana-Lindi wa kata yetu tunakutana Zakhem. Tunataka muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uombe zahanati iingizwe kwenye mpango wa mwaka ujao, pamoja na nesi wake na nyumba yake. Mtendaji wa kijiji amenitumia picha ya boma: mti umeota katikati ya chumba ambacho tulisema kiwe cha kujifungulia. Vijana wataukata wiki hii.

Fundi wa Gongo la Mboto, nakufuata faragha. Nahitaji makadirio ya mbao na bati kwa jengo la vyumba sita, bei ya kufikisha Lindi vijijini, siyo ya Buguruni.