Tupeane uzoefu: laptopu inagoma kuwaka, kumbe mchawi ni draiva ya grafiki

Wakuu, naanza mimi. Juzi niliiacha laptopu ijiapdeti, nikalala. Asubuhi nawasha: nembo inakuja, vidoti vinazunguka, kisha giza totoro. Feni inavuma tu. Inajizima, inajiwasha, nembo tena, giza tena. Nikaanza kuyaaga mafaili yangu.

Kilichoniokoa ni kuizima kwa nguvu kila nembo ilipotokea. Baada ya mara tatu hivi ikaleta yenyewe ule ukurasa wa bluu wa matengenezo. Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, halafu namba 4, yaani Safe Mode, ile hali ya kuwasha kompyuta kwa vitu vya msingi tu. Ikawaka! Maandishi makubwa makubwa, sura mbaya, lakini imewaka. Safe Mode haigusi draiva ya kadi yako ya grafiki (programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi hiyo), inatumia ile ya msingi ya Windows. Kwa hiyo ikikubali huko na kugoma kwingine, shuku draiva kabla ya kufikiria kufomati. Nikaingia Device Manager, pale vifaa vya kompyuta vinapoorodheshwa, nikabonyeza Roll Back Driver ili draiva ya zamani irudi, kwisha habari. Nyie yaliwakuta yapi?

—

Una bahati mkuu. Kwangu hicho kitufe kilikuwa kimefifia, hakibonyezeki. Nikaifuta draiva yenyewe, laptopu ikawaka safi, nikajipongeza, nikawasha waifai. Haikupita nusu saa, giza! Windows ilikuwa imeshaishusha ileile kimya kimya. Safari ya pili nilikata intaneti kwanza, nikaweka toleo la nyuma nililokuwa nimelishusha kwa kompyuta nyingine nikalihamishia kwa flashi.

—

Kabla hujakimbilia Safe Mode, ujue zilipo tarakimu 48 za BitLocker, ile kufuli ya Windows inayofunga diski yako. Mimi niliombwa nikabaki nakodoa macho. Siku mbili nazisaka, kumbe zilikuwa kwenye akaunti yangu ya Microsoft muda wote.

—

Sisi tunaotumia Ubuntu (Linux) badala ya Windows nasi hatujasalimika. Kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo, skrini nyeusi. Kwenye GRUB, menyu inayotokea kabla Ubuntu haijawaka, nilibonyeza e, nikaongeza neno nomodeset mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, kisha F10. Ikawaka, japo kwa kujikongoja. Dawa hiyo ni ya mara moja tu, ukiwasha tena imepotea, hivyo ukishaingia weka draiva inayofaa papo hapo.

—

Mimi niliisingizia draiva miezi miwili. Skrini ya bluu, kodi 0x116 (kosa la upande wa grafiki), nikabadilisha draiva nne, nikafomati, wapi! Fundi aliiwasha mara moja tu akaniuliza, "Hii mistari ya kijani hujaiona?" Ilikuwa imekatiza juu ya nembo kabisa, wakati Windows haijaanza hata kupakia. Hapo draiva bado imelala, inahusikaje? Chipu ya grafiki ndiyo iliyokuwa inakufa. Tazameni nembo kwanza jamani.

—

Nimerudi, mimi niliyeanzisha mada. Nembo yangu iko safi, nimeikagua mara mbili. Ila huyo wa tarakimu 48 kanitia hofu, ngoja nikazitafute zangu sasa hivi.