Ushauri: nataka nikalale na mama kwenye nyumba ya wakulima Shirakawa-go

Mwana wa Tanga
Wakubwa shikamooni. Nasoma Nagoya, Japani, na mama anakuja kunitembelea Oktoba. Amelima maisha yake yote. Nilipomtumia picha za kijiji cha Ogimachi, huko Shirakawa-go, alinipigia papo hapo: "Na Wajapani nao wanaezeka nyasi?" Basi nataka tukalale huko usiku mmoja. Ila ana miaka 64, magoti yanamsumbua, na huko watu hulala chini. Hali nguruwe wala chochote chenye pombe. Halafu nasikia kuoga ni uchi, pamoja na wageni wengine. Mliowahi kulala huko, nisaidieni.

Bi Mkubwa
Marahaba mwanangu. Mpeleke. Godoro la futoni hutandikwa juu ya mikeka minene ya tatami, halimuumizi mtu. Kazi ni kuinuka, na kula mmekaa chini. Uliza mapema kama wana kiti, na kama choo ni cha kukaa. Nilipofikia mimi bafu lilikuwa moja, tunaingia kwa zamu na mlango tunafunga. Mama ajisugue na kujisuuza kwanza, ndipo aingie kwenye maji ya moto. Asiyamwage, wengine wanayasubiri.

Mpishi wa Zamu
Chakula kiseme siku ya kuweka nafasi, usingoje kufika. Ni nyumba za familia, wanapika wenyewe. Samaki wa mtoni wa kuchoma kwa chumvi hana neno, lakini michuzi mingi hutiwa sake au mirini, zote pombe za mchele. Andika kwa Kijapani, taja kimoja kimoja: nguruwe, ng'ombe (maana hachinjwi kihalali), sake, mirini. Ukiandika "halali" peke yake, kijijini huenda wasikuelewe. Na msichelewe, chakula cha usiku huwa mapema, kwenye saa kumi na mbili.

Fundi Paa
Mama atauliza kwa nini wanakoka moto ndani ya nyumba ya nyasi. Mwambie moshi wa lile jiko la katikati, irori, hukausha nyasi na kamba na kufukuza wadudu. Paa limesimama karibu nyuzi 60 ili theluji iteleze. Ndiyo maana likaitwa gassho, viganja vilivyokutana kuomba. Darini walifuga viwavi wa hariri. Na kuezeka upya ni msaragambo, kijiji kizima. Wao wanauita yui. Kijiji chenyewe UNESCO walikiweka kwenye urithi wa dunia 1995, lakini watu bado wanaishi humo. Nilipoyajua hayo nililitazama lile paa kwa heshima nyingine kabisa.

Mwana wa Tanga
Mungu awalipe. Nimemsomea mama yote kwa simu. Magoti hayataji tena, anauliza kama mwenye nyumba atamruhusu apande darini aone kamba zilivyofungwa. Anataka amletee mke wa mwenye nyumba kanga. Itafaa?

Bi Mkubwa
Itafaa sana. Ampe kwa mikono miwili. Na mchukulie sweta, usiku wa Oktoba kule ni baridi.