Naomba ushauri: nimweleweshaje baba mkubwa kuhusu barafu ya Kilimanjaro?

Wakuu, naombeni msaada. Baba mkubwa, mkulima wa kahawa huku Marangu, anashikilia kwamba barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inaisha kwa mzunguko wa asili tu, kwani ilianza kupungua tangu enzi za Wajerumani. Na hapo ana ukweli kiasi: kati ya 1912 na 2007 ilipungua kwa takriban asilimia 85, na wapo wanasayansi wanaotaja ukavu wa hewa na uhaba wa theluji. Ila hewa ukaa, gesi inayoongeza joto duniani, imepanda kutoka sehemu 280 kwa milioni kabla ya viwanda hadi zaidi ya 420, na jua halijaongezeka nguvu kiasi hicho. Namheshimu sana, sitaki mabishano. Nianzie wapi anisikilize?